Herufi za Kupapasa

Siku ya tatu tangu handaki liporomoke, injinia alitoka kwenye hema akiwa ameshika kiganjani kitu kama uji wa karatasi. Ilikuwa barua. Jana yake, wake na ndugu walikuwa wameandika, kila mtu ya kwake, zikakunjwa nyembamba kama njiti na kuteremshwa kwenye bomba lililopenyezwa mpaka chini, walikonaswa wanaume watatu. Maji yanayochuruzika humo ndani yalizila zote njiani.

"Hazikufika," alisema. "Hii ndiyo iliyonasa kwenye waya. Mnisamehe."

Kati ya waliomzunguka alikuwepo Nyuzi, fundi wa tarizi mwenye kibanda nyuma ya soko. Jina alilopewa na wazazi wake lilikwisha kusahaulika mtaani. Kwa kuwa hakuna siku aliyotoka kazini bila kipande cha uzi begani au kwenye nywele, watu walimwita hivyo hivyo, naye akaitika. Mumewe, waliyemwita Kimya kwa sababu angeweza kula, kunawa na kuondoka mezani bila kutamka neno, alikuwa chini. Pamoja naye walikuwa nyapara wao, Mzee Koleo, na mwenzao mmoja aliyeitwa Pacha, ambaye ndugu zake walikuwa bado njiani. Walikuwa wakichimba njia ya mabomba chini ya barabara kuu. Dari likaanguka nyuma yao, mlango ukazibika.

Kwamba walikuwa hai, ilijulikana kwa mapigo ya nyundo. Kila saa injinia aligonga bomba mara moja, na kutoka chini wakajibu mara tatu, kila mtu pigo lake. Maneno hayakupita. Bomba lilikuwa na kona, pampu ya maji ilinguruma mchana kutwa, na aliyetega sikio aliambulia mlio kama wa mtu anayeongea ndani ya mtungi. Taa zao za kichwani hazikuwa na betri ya kuvuka siku mbili. Tochi ndogo waliyojaribu kuiteremsha ilikwama kwenye kona, nusura izibe njia ya maji ya kunywa waliyoteremshiwa humo humo, na tangu hapo injinia akapiga marufuku kitu chochote kigumu.

"Kitambaa hakiyeyuki," Nyuzi alisema.

Injinia alimtazama. "Watakisoma na nini, dada? Kule giza totoro."

"Na vidole. Nikiweka sponji chini ya uzi, herufi zinasimama. Hata ukifumba macho unazijua."

Injinia alifikiri kidogo, kisha akaingia hemani na kurudi na kipande cha bomba cha urefu wa kalamu. "Kikipita humu kikiwa kimeviringishwa, nakiteremsha. Kisipopita, sithubutu. Na kifike kabla ya saa kumi, maana baada ya hapo tunahamisha mashine upande wa pili."

Ilikuwa saa nne asubuhi.

Nyuzi hakuondoka peke yake. Mama mkwe wake alimfuata, na mke wa Mzee Koleo pia, mama mfupi mwenye tasbihi mkononi, aliyekuwa hajakaa chini tangu jana. Walitembea upesi. Nyuzi alikuwa na siri yake. Asubuhi ile ya mkasa alikuwa amemsihi Kimya asiende, kwa kuwa usiku alimsikia akimwambia Pacha kwenye simu kwamba dari linadondosha mchanga. Kimya akavaa viatu. Akamsihi tena. Kimya akatafuta kofia yake. Ndipo hasira ikampanda akamwambia, "Kama shimo lina raha kuliko nyumba, basi lala huko huko." Mume akafunga mlango taratibu, kama kawaida yake. Kwamba alisema hivyo, hakumwambia mtu yeyote. Kila pigo la nyundo liliyarudisha masikioni mwake.

Kibandani aliwasha mashine, akachomeka flashi yenye dizaini za maneno ya imani. Hizo ndizo zilizokuwa zikimpa riziki: mito ya makochi, vitambaa vya meza, taulo za zawadi za harusi. Zilipita kwenye kioo cha mashine moja moja. Mungu ni mwema, ndani ya shada la maua. Nyumba hii ina baraka, na njiwa wawili. Neema imenifikisha, kwa herufi zenye mikia iliyojipinda mpaka mtu akose kujua N ni ipi.

Akabonyeza mbele. Akabonyeza nyuma. Dizaini zaidi ya mia mbili, na zote zilikuwa zimetungwa kwa ajili ya watu walioshiba na kukaa kwenye viti.

"Hapana hata moja?" aliuliza mama mkwe.

"Hapana, Mama. Nitaweka herufi moja moja, zile kubwa za mashine, bila mapambo. Nipeni maneno tu."

Hapo ndipo ugumu ulipoanza. Mama mkwe, mwimbaji wa kwaya kwa miaka thelathini, alitaka neno Bwana. Mke wa Mzee Koleo akasema mumewe ana imani yake, na hilo ni neno la kanisani. Wakatazamana. Ilionekana kama watagombana, na labda ingewasaidia, lakini mke wa Mzee Koleo akashusha pumzi.

"Mungu," alisema. "Andika Mungu. Hata wakijigonga nyundo kidoleni wote humwita hivyo."

Mama mkwe akacheka bila kutaka, kisha akafunika uso.

Wakakubaliana: MUNGU ATAWATOA. Nyuzi alichana ukanda wa pamba wa upana wa vidole vitatu, akaubana kwenye fremu, akalaza vipande vya sponji, akaweka uzi mnene. Mashine ikaanza kutembea. Alihamisha fremu mara nne ili maneno yatoshe. Saa nzima na zaidi ilikwenda. Alipomaliza, akakata nyuzi, akaviringisha ukanda kwa nguvu zake zote, akausukuma kwenye kile kipande cha bomba.

Ukagoma. Ulizidi tundu la bomba kwa unene wa ukucha tu.

Akauviringisha upya. Akaulowesha. Akausokota mpaka vidole vikawa vyeupe. Ukagoma. Akauweka mezani.

"Punguza maneno," alisema mama mkwe kwa sauti ndogo.

Na hapo hapo umeme ukakatika.

Walingoja dakika tano, kumi. Mtaa mzima ulikuwa umezimika. Nyuzi alichomoa waya, akaikumbatia mashine kifuani kama mgonjwa, akatoka nayo kuelekea hemani, kwenye jenereta. Mama mkwe alibeba fremu na nyuzi, mke wa Mzee Koleo akabeba sponji na mkasi. Wanawake watatu walikwenda kwa miguu, nusu saa kwenye jua la mchana, na watu waliokuwa wakiwajua wakawapisha njia. Katikati ya safari mikono ya Nyuzi ikafa ganzi. Alikataa kupokewa. Aliona kama akiitua chini hataweza kuinuka.

Pale penye hema walimpa meza na waya kutoka kwenye jenereta dogo. Injinia alionya kwamba umeme wake unapanda na kushuka. Ilikuwa saa nane kasoro.

"Haya, niambieni," alisema Nyuzi. "Maneno mafupi. Herufi zisizidi tisa au kumi."

"Mungu yupo," alisema mama mkwe.

Mke wa Mzee Koleo alitikisa kichwa. "Yupo wapi? Tulio hapa ni sisi. Wao wamo mle, wamezibwa. Ukiwaambia yupo, watadhani amebaki huku juu nasi, anapunga upepo. Andika yumo."

Mama mkwe alilirudia neno lile polepole. "Mungu yumo."

Nyuzi aliinama kwenye mashine ili wasimwone. Yeye mwenyewe hakuliamini. Alikuwa ameomba tangu siku ya kwanza, amepiga magoti, ameahidi mengi, na hakusikia chochote isipokuwa pampu. Alitamani kushona neno lingine kabisa: rudi, au nisamehe. Lakini kitambaa kilikuwa cha wanaume watatu, na akishona hivyo mama mkwe angeuliza kosa ni lipi. Akabonyeza M.

Jenereta lilikohoa kwenye herufi ya tatu, sindano ikapiga chuma ikakatika. Alibakiwa na moja. Aliibadilisha, akapunguza mwendo wa mashine mpaka ikawa inatambaa, na kila jenereta liliposhusha sauti aliinua mguu wa mashine na kungoja. Mke wa Mzee Koleo alisimama kando yake akihesabu tasbihi. Mama mkwe alishika ukingo wa meza isitikisike. Saa tisa na nusu, O ya mwisho ilikamilika.

Kitambaa kikapita kwenye bomba. Kwa taabu, ila kilipita.

Injinia alikifunga kwenye waya na kuuteremsha mwenyewe. Waya ulikwenda, ukasita kwenye kona, ukaenda tena. Halafu ukalegea. Wakangoja. Alipouvuta juu, ulikuja mtupu. Mtu alikuwa amekifungua.

Ilipofika saa kumi akagonga bomba. Kisha zikaja sauti: moja. Mbili. Wakatega masikio hadi shingo zikawauma. Ya tatu haikuja.

Tangu saa hiyo hadi siku ya sita majibu yalikuwa mapigo mawili tu, na hakuna aliyejua pigo la tatu lilikuwa la nani. Nyuzi na mke wa Mzee Koleo, waliokuwa wameshona pamoja, sasa hawakuweza kutazamana. Kila mmoja aliomba kati ya mapigo mawili moja liwe la mumewe, na kila mmoja alijua mwenzake anaomba nini. Ndugu zake Pacha walifika, wakaingia katika hesabu ile ile. Nyuzi aliacha kula. Mama mkwe alimlisha kwa kijiko kama mtoto, naye akameza kwa heshima tu.

Waliwafikia siku ya sita saa tatu asubuhi. Pacha alitoka kwanza, macho yamefungwa kitambaa. Wa pili alikuwa Kimya. Nyuzi alikwenda mbio hadi kwenye machela, akamgusa mumewe mguu, halafu akageuka nyuma. Mke wa Mzee Koleo alikuwa amesimama palepale, bado anaangalia mdomo wa shimo, ingawa wabeba machela walikuwa wamekwisha kuvua kofia zao.

Nyuzi alimwacha mumewe akarudi kumshika.

Ni Pacha aliyewasimulia, hospitalini. Mzee Koleo alikuwa ameumia mbavu tangu siku ya kwanza na alikuwa amewaficha. Kitambaa kilipofika, Kimya alikifungua, wakakipapasa kwa zamu wakitaja herufi. Mzee aliposoma neno la mwisho alisema, "Haya ni maneno ya mke wangu. Wengine wangesema yupo." Akaomba abaki nacho. Alikufa baada ya muda mfupi, wao wakidhani amelala. Mkewe aliposikia hayo alimshukuru Pacha, akaomba apewe kitambaa, akakitia kifuani ndani ya nguo.

Kimya alisikiliza yote akiwa amegeukia ukutani. Wageni walipotoka, Nyuzi alivuta kiti.

"Na wewe? Ulipokisoma?"

Kimya alijigeuza kumwelekea. "Mimi nilikasirika," alisema. "Nilijisemea, kama yumo, mbona naye hachimbi. Halafu nikakigeuza. Nikapapasa upande wa nyuma, mara mbili, tatu."

"Nyuma kuna mafundo tu."

"Nilidhani umeniandikia kitu. Wewe, kwangu. Uliniambia nilale huko. Nikawa najiuliza, hivi bado amekasirika, au..."

Nyuzi aliweka kichwa kwenye ukingo wa kitanda. Alimwambia yote: kwamba alitaka, kwamba alimwogopa mama, kwamba kitambaa kilikuwa cha watu wote. Alimwomba msamaha kwa maneno ambayo hata yeye hakuyasikia vizuri kwa kilio. Kimya hakusema amesamehe. Aliweka mkono wake mzito, wenye kucha zilizovunjika, juu ya kichwa chake, ukakaa hapo mpaka muuguzi alipokuja kubadili dripu.

Maneno yale yakaenea mjini. Akinamama wa kwaya wakataka vitambaa arobaini. Mwenye maduka ya mapazia akataka mito, tena yenye maua. Nyuzi alikataa mara ya kwanza na ya pili. Mke wa Mzee Koleo aliposikia, alikuja kibandani na kuketi.

"Washonee," alisema. "Ila maua usiweke."

Akawashonea bila maua. Mapema mwaka uliofuata Kimya alipata kazi ya kupaka rangi majengo, juu kwenye ngazi ndefu, penye jua na upepo. Kuhusu neno lile hawajakubaliana mpaka sasa. Nyuzi anasema kuna siku analiamini kidogo. Kimya anasema yeye angekuwa Mungu angeanza kwa kuponya mbavu za Mzee. Wakifika hapo huacha, kila mtu akashika shughuli yake. Lakini Kimya, ambaye zamani hukusikia sauti yake tangu asubuhi mpaka jioni, sasa akichelewa kurudi hata robo saa hupiga simu. Huwa hana la kusema. "Niko njiani," husema, kisha hunyamaza, na Nyuzi husimamisha mashine ili amsikie akipumua.