Kitunguu cha Mwalimu Bakili

Khairunnisa, binti wa Mzee Taimur muuza mabaibui wa Kariakoo, alichaguliwa miongoni mwa vijana kumi wa kufundishwa kutengeneza filamu kupitia kipindi cha elimu cha runinga. Baba yake aliwatangazia wateja wote, hata wale waliokuja kuulizia bei na kuondoka.

Kipindi kilirushwa kila Jumamosi saa nne asubuhi, muda ambao vijana wote wa Bongo, kama tujuavyo, wametulia majumbani wakisubiri kuelimishwa. Mwalimu alikuwa Bakili, gwiji aliyevaa miwani ya jua hata ndani ya studio, labda ili kipaji chake kisimuumize macho. Kwa wiki tano aliwafundisha kamera kwa kuichora ubaoni. Kamera yenyewe ilikuwepo, imefunikwa kitambaa, na aliyeisogelea alikumbushwa kuwa ni mali ya watu. Khairunnisa alipouliza sauti inarekodiwaje, aliambiwa asiwe na haraka, sauti ni somo la msimu ujao.

Wiki ya sita wakaenda soko la Mchikichini kwa vitendo. Vitendo vya Bakili, maana vijana walishikishwa miavuli, na Khairunnisa akakabidhiwa mkoba wa mwalimu.

Filamu ilihusu mateso ya mjane muuza mitumba. Mjane akatafutwa, akapatikana Mama Sophia, muuza viatu vya mitumba, ambaye mumewe alikuwa mzima wa afya kazini kwake bandarini. Asubuhi hiyo Mama Sophia alikuwa amefungua belo, furushi jipya la viatu, na kukuta raba safi tupu, kwa hiyo kila akigusa jozi anatabasamu. Bakili akamweleza kwa upole kwamba furaha haina mvuto kwenye kamera. Akamwomba ajitande kanga iliyochakaa, aliyoazimwa na jirani, halafu alie.

Mama Sophia hakutaka kuwaangusha wageni. Akakunja uso, akakumbuka misiba yote ya ukoo, akaishia kucheka. Ndipo mwalimu, kwa ubunifu usiofundishwa ubaoni, akaagiza kitunguu.

Khairunnisa alijisikia vibaya. Mama huyu alikuwa rika la mama yake. Tena alipoamkiwa shikamoo, mama alimpisha Khairunnisa kwenye kigoda chake mwenyewe. Khairunnisa akauweka mkoba chini, akatoa simu, akabana viwiko mbavuni ili picha isicheze, akaanza kurekodi.

"Mama, fikiria njaa," Bakili alisema, akimsogezea kipande cha kitunguu.

"Njaa ipi, baba? Si nimetoka kula chapati na maharage sasa hivi."

Waliporudi studio ikagundulika kuwa filamu ya mwalimu ilikuwa bubu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Hakuna aliyewasha kinasa sauti. Angela, mtayarishaji wa kipindi, akauliza kama kuna kijana mwenye chochote. Khairunnisa akasita, kisha akamkabidhi simu. Angela akaitazama video mara mbili.

"Hii haifai kurushwa," Bakili alisema.

"Ina sauti," Angela akamjibu.

Lakini Khairunnisa akaomba kwanza akamuulize Mama Sophia mwenyewe, jambo ambalo halikumpitia mtu mwingine akilini. Kesho yake Mama Sophia aliitazama akiwa amesimama katikati ya viatu. Alicheka, kisha akairudia kuanzia pale pa kitunguu.

"Kumbe ndivyo nilivyofanywa," akasema. "Irusheni. Ila mseme mume wangu yupo, asije akasikia amezikwa."

Ikarushwa hivyo, na maandishi chini ya picha yakieleza kwamba mume yupo na hajambo. Wiki hiyo raba ziliisha zote, watu wakija kumtafuta mama wa chapati. Bakili naye hakuaibika hata kidogo. Alialikwa kwenye semina kueleza alivyowafundisha vijana kunasa uhalisia, akaeleza kwa saa mbili, akapigiwa makofi.

Khairunnisa alipewa cheti kinachomtambua kama mshika mkoba, jina lake likiwa limekosewa herufi tatu. Hakudai kingine. Jumatatu alirudi Mchikichini na simu ile ile, akamuuliza Mama Sophia kama anaweza kukaa naye kutwa nzima akirekodi, bila kumwambia afanye chochote. Mama Sophia akamsogezea kigoda, akaendelea kupanga viatu.