Mpini wa Ufagio

Mkaguzi wa wapangaji aliingia chumbani kwa fundi viatu na viatu vyake vilivyolika visigino, akakalia kiti cha marehemu mke wa fundi bila hata kukaribishwa.

"Mzee, mkataba unaoisha ulikuwa wa mkeo. Yeye hayupo tena, kwa hiyo wewe tunakuhesabu mpangaji mpya."

Fundi viatu alidhani masikio yanamchezea. "Mpya? Dari hii nimeipaka rangi mimi, mpaka mkono ukafa ganzi! Mke wangu amefia kitandani pale. Mimi mpya kwa lipi?"

"Ndio utaratibu, baba. Mpangaji mpya lazima adhaminiwe na jirani. Akikosa, chumba anapewa mwingine."

Utaratibu! Wakubwa wa ofisini kwao hupanga maisha ya watu wakiwa kwenye viti vya kuzunguka, na hakuna hata mmoja aliyewahi kupanda ngazi za jengo hili. Lakini fundi hakuwa na hasira peke yake. Jirani gani? Marehemu ndiye aliyekuwa na watu. Yeye tangu amzike hata salamu aliitoa kwa kukohoa.

Walipotoka mlangoni wakakutana na Mama Mikate, wa chumba cha juu, anapandisha ndoo. Fundi akajua yamekwisha. Juzi tu walirushiana maneno kwa sababu ya maji yake yanayovuja.

"Mama, unamfahamu huyu?" mkaguzi akauliza.

"Nisimfahamu vipi? Ana gubu huyu! Mdomo wake ungekuwa kiatu, ningeshaupeleka kwa fundi mwingine aushone."

Fundi akainamisha kichwa.

"Kwa hiyo humdhamini?"

"Nani kasema?" Akatua ndoo. "Mimi naoka mikate, natoka hakujapambazuka. Mkewe ndiye alikuwa ananiamsha, anagonga dari kwa mpini wa ufagio. Alipofariki nikasema basi, kazi ndiyo imeponyoka. Tumemzika, alfajiri yake nasikia ko, ko, ko. Mpaka leo hajaacha, wala hajawahi kulitaja. Mkimtoa, nani ataniamsha? Wewe? Niandike mimi."

Mkaguzi akaandika, akashuka zake.

Fundi alitaka kushukuru, akajikuta anasema, "Maji yako bado yanavuja."

"Na wewe gubu lako halijapungua."

Alfajiri iliyofuata alisimama katikati ya chumba, ufagio mkononi, akaona haya kama bwana harusi. Jambo alilolifanya kimya kimya limeshasemwa hadharani, mkono ukawa mzito kuinuka.

Juu, kisigino kikapiga sakafu.

"Mzee! Mbona hugongi?"

"Si umeshaamka?"

"Kila siku huwa nimeshaamka! Macho yenyewe yamezoea."

Fundi akatazama dari. "Sasa jana ulikuwa unamwambia nini yule bwana?"

"Gonga bwana, unanichelewesha!"

Akainua mpini, akagonga taratibu, pale pale rangi ilipobanduka kwa mkono wa mkewe.