Hadena ya Ziada

Nilikuwa fundi wa mabodi ya magari mjini Nyeri kwa miaka kumi na mmoja kabla sijaanza kutengeneza visu. Nalisema mapema kwa sababu watu wa hapa Mukurweini hunisifu kana kwamba nilizaliwa na kisu mkononi. Nilizaliwa mbishi tu, na ubishi ulinifaa miaka mingi mpaka ulipokataa kunifaa.

Julai mwaka jana Mohamednoor, mwenye kichinjio kidogo Nanyuki, aliagiza visu kumi na viwili. Hakutaka misumari kwenye mpini, maana mafuta ya nyama hukwama pale na mkaguzi humgombeza. Alitaka vibao viwili vya mti mgumu wa mutamaiyu, kimoja kila upande wa chuma, vishikwe na gundi peke yake. Nikamwambia inawezekana, ila wafanyakazi wake wasitie visu hivyo kwenye maji yanayochemka, kwa kuwa joto kali hulegeza gundi. Akaahidi kuwaambia.

Gundi nilichagua vizuri, hilo hakuna wa kuninyang'anya. Ile ya dakika tano nawaachia wanaounga vikombe vilivyovunjika. Hushika upesi na huachia upesi. Nilinunua epoksi ya polepole, inayohitaji siku nzima. Huja katika makopo mawili, moja la gundi na jingine la hadena, yaani dawa ya kuigandisha, na hupimwa kwa mizani: gundi gramu mia, hadena hamsini. Si kwa jicho wala kwa kijiko.

Lakini Julai ya kwetu haina huruma. Ukungu hauondoki mpaka saa saba mchana, na mabati yanatoa jasho. Siku ya pili gundi ya kisu cha majaribio ilikuwa bado inanata, na nilikuwa nimeahidi mzigo uondoke Ijumaa. Basi nilipochanganya ya visu vyenyewe nikafanya nilichokifanya gereji kila asubuhi ya baridi: nikaongeza hadena. Fila ya kuzibia mabodi ikichelewa kukauka, unaiongezea kidogo na inashika. Fundi yeyote wa gereji anajua. Epoksi haiko hivyo. Humo kila tone la gundi lina kipimo chake cha hadena, na ile ya ziada haina pa kwenda. Inabaki ndani, laini, milele. Aliyeniuzia alikuwa ameniambia hayo, nami nikamwona mjuaji asiyewahi kuchafua mikono. Mazoea yana taabu.

Visu vilitoka vizuri. Hata Phyllis, mke wangu, ambaye hasifu ovyo, alikigeuza kimoja mkononi akasema kinafaa kuwekwa sebuleni. Masalio ya gundi yalibaki dirishani ndani ya kikopo. Fundi mwenye akili huyabonyeza kwa ukucha kabla ya kutoa kazi. Mimi nilinawa mikono nikafunga mzigo.

Wiki tatu baadaye Mohamednoor alipiga simu. Mchinjaji wake, Abdisalan, alikuwa akisukuma kisu kwenye kiungo cha paja la ng'ombe, kibao kimoja kikabanduka, mkono ukateleza mbele mpaka kwenye makali. Vidole vitatu vya mkono wa kulia vilikatika kano. Hospitalini walishona, lakini havikunjiki tena. Nikauliza kuhusu vile visu vingine, akasema amevifungia sandukuni. Nilipokata simu nikaenda dirishani. Ukucha ulizama kwenye ile gundi kama kwenye mshumaa. Nilikaa sakafuni, na sioni haya kusema kwamba nililia.

Kesho yake nilikwenda Nanyuki nikiwa nimekusudia kusema kweli. Mohamednoor alinipokea kwa chai, akaniomba radhi yeye. Alikuwa ameshafanya uchunguzi wake: pale kichinjioni kuna pipa la maji moto, na Abdisalan ndiye aliyesafisha visu wiki hiyo. Alikuwa amemfukuza kazi kwa kuvunja amri. Alinirudishia visu kumi na kimoja, akasema safari hii nivitie misumari, mkaguzi atake asitake.

"Ulituambia, fundi," alisema. "Ni hawa watu hawasikii."

Hapo ndipo pangetosha sentensi moja tu. Nikanywa chai. Nikajiambia kwamba anayestahili kusikia wa kwanza ni Abdisalan mwenyewe, kisha nitarudi kwa tajiri wake. Mwoga hakosi sababu.

Abdisalan nilimkuta nyumbani kwake, nyuma ya soko la mifugo, mkono umefungwa bandeji hadi karibu na kiwiko. Ni mtu mnene, mpole, mwenye watoto wanne, na tangu ujana hajajua kazi nyingine ila ya kisu. Mkewe, Sabirin, alinipa kiti akasimama mlangoni. Kabla sijafungua mdomo, Abdisalan akainuka.

"Fundi, nilikuwa nataka kukuja kwako, lakini hii mkono," alisema. "Nimeharibu jina yako. Huku sokoni watu wanasema visu yako ni mbaya."

Nikamwambia aketi. Hakuketi.

"Mimi sikumbuki kutia kisu kwa maji moto. Nimefikiria kila siku, sikumbuki. Lakini wote wanasema ni maji moto, basi lazima ni mimi. Niko na haki yako kwa shingo yangu, fundi. Na haki ya mtu Mungu haisamehe kama mwenyewe hajasamehe. Nisamehe."

Maneno yangu yote niliyoyapanga yalikuwa mdomoni. Niliwafikiria wateja wangu, nikamfikiria Phyllis, nikafikiria polisi, na aibu ya kuambiwa na kila mtu kwamba hata kupima siwezi. Sabirin aliacha kunitazama usoni, akawa anatazama mikono yangu.

"Nimekusamehe," nikasema.

Abdisalan akafumba macho na kushusha pumzi. Akanishika mkono kwa ule wake wa kushoto, akaomba radhi kwa kutumia wa kushoto, akasema sasa anaweza kulala. Kisha akaniombea dua, taratibu, kwa Kiswahili ili nami nielewe: Mungu abariki kazi ya mikono yangu, anilindie vidole vyangu na vya watoto wangu. Alipomaliza alinisubiri. Nikaitikia amina.