Uso Mkubwa Kama Nyumba

Mke mwenzangu na mimi tuligombania mume miaka ishirini na tisa, na tangu mume afariki tunagombania rimoti. Yeye ndiye bimkubwa, kwa hiyo yeye hushinda. Mwaka huu akaanza kunipa rimoti bila kuombwa, nikajua kuna jambo.

Jambo lenyewe ni macho. Daktari alituambia sote wawili, maana nilikataa kutoka chumbani, kwamba nuru inamwishia na hakuna dawa ya kuirudisha. Labda miezi mitatu, labda minne. Nyuso za kwenye televisheni alikuwa anaziona kama vifungo vya shati. Wangu, alisema, anauona kama sufuria iliyoungua, akaongeza kwamba haoni tofauti kubwa na zamani.

Alitaka kitu kimoja tu: autazame uso wa mtu vizuri, mpaka kope, kabla giza halijamfika. Nikamwambia hilo jepesi, mjini kuna sinema, na kule uso mmoja ni mkubwa kama nyumba.

Sinema yetu ina kumbi mbili. Katika ukumbi wa kwanza magari yalikuwa yanapaa na kulipuka. Katika ukumbi wa pili yalikuwa yanalipuka magari yale yale, ila yalichelewa nusu saa. Bimkubwa alijitahidi, maskini. Kila alipolipata gari kwa macho, limeshateketea, na mwenye uso akitokea anapigwa teke kabla hajatazamwa. Wiki iliyofuata tukakuta majitu yanang'oana mikono. Wiki ya tatu, magari tena, ndugu wa yale ya kwanza. Bimkubwa akatoka anajifuta macho, akasema basi, tusisumbuane.

Mlangoni pale pana sanduku la maoni. Mimi shule niliishia darasa la saba, lakini mwandiko wangu mwalimu aliusifu. Nikakaa siku mbili nikaandika karatasi arobaini, zote zikiomba picha ya watu wanaozungumza polepole, wanapendana, na wakilia wanalia karibu karibu. Nyingine niliandika kwa mkono wa kushoto. Hapa nikawa dereva wa lori, pale mwashi, pengine mwanafunzi wa chuo kikuu. Nikazitumbukiza kidogo kidogo, nikijiona mjanja kweli kweli.

Ijumaa mkata tiketi, aliyekuwa akiniona pale sandukuni, akaniambia meneja ananiita. Nilikuta karatasi zangu zimeanikwa mezani kama nguo. Meneja ni mtu mnene, mpole, miwani yake haikai puani. Akanisomea ya dereva wa lori: baada ya salamu, natumai u mzima wa afya, nami sijambo, hofu ni kwako tu. Akachukua ya mwashi: baada ya salamu. Ya mwanafunzi wa chuo: baada ya salamu, na nyumbani wote hawajambo?

Sisi tulifundishwa hivyo. Barua isiyo na salamu mwalimu alikuwa anamrudishia mwenyewe. Nitajuaje kwamba siku hizi watu wanaomba kitu bila kumjulia mtu hali?

"Mama," meneja akasema, "niko hapa mwaka wa kumi na moja. Sanduku hili kazi yake ni kunitukana: viti, vyoo, joto. Watu arobaini hawawezi kuniulizia afya wiki moja."

"Mimi ni wengi," nikamjibu.

Alicheka mpaka miwani ikaanguka. Alipoiokota nikaacha utani, nikamweleza habari ya macho. Akaniambia yeye hachagui: picha huletwa kwa mafungu na wasambazaji, wanaojaza viti ni vijana, na vijana wanataka milipuko. Hata hivyo kabatini kuna picha moja ya mapenzi iliyoonyeshwa siku mbili ikakosa watu. Na asubuhi, ukumbi ukifagiliwa, pazia halina kazi.

Jumatano saa tatu asubuhi tulikuwa sisi wawili na wafagiaji wawili. Meneja mwenyewe alimshika bimkubwa mkono, akamkalisha safu hii, akamhamishia ile, mpaka bimkubwa akasema hapa. Picha ikaanza. Mwanamke amekaa dirishani anasubiri barua, na kwa muda mrefu hasemi neno. Vijana wangeng'oa viti. Bimkubwa akanyoosha shingo.

"Ana kidoti chini ya jicho," akasema taratibu. "Na kope zimegandamana. Huyu amelia kabla hatujaingia."

Nami nilikiona kidoti. Lakini yeye akaendelea kunisimulia, sasa anasimama, sasa anaficha bahasha, kana kwamba mwenye macho mabovu ni mimi. Nikamwachia. Nikamuuliza kama amevaa hereni, akanijibu anayo moja tu. Wafagiaji wakakaa, fagio magotini. Saa nzima na nusu nilisimuliwa picha niliyokuwa naitazama, na sijapata kuona picha nzuri kama ile.

Taa zilipowaka, bimkubwa akamwita meneja, akamshika mashavu, akamvuta mpaka pua zikakaribia kugusana. Akamtazama sana.

"Ahsante, mwanangu," akasema. "Na wewe una sura nzuri, usidanganywe."

Meneja akaisukuma miwani yake juu, ikateleza tena.

Nje bimkubwa akanishika mkono tuvuke barabara, akanionya nisione wivu, mimi alishanitazama kupita kiasi. Nikamshukuru Mungu kwa ajili ya mdomo ule, maana huo hakuna daktari aliyesema utazimika.