Amina ya Miembe Sitini

"Mama Kathure, kwani wewe ukiomba unaongea na Mungu ama unaongea na sisi?"

Jirani yetu hapa Grand Prairie, Immaculate, aliniuliza hivyo siku moja tukiosha vyombo. Nilikuwa nimetoka kumwombea mume wake apone kikohozi na aache sigara, na mwenyewe ameketi papo hapo, pakiti iko mfukoni. Nilimjibu kwamba naongea na Mungu, ila simnong'onezi.

Watoto wa kwetu walioko huku Texas wana chama chao. Mwenyekiti ni binti yangu Kathure, muuguzi. Immaculate ndiye mwandishi. Lenny, anayefanya kazi hospitali za Houston, huendesha gari kutoka Pearland saa nne nzima ili aje kikaoni, na wako wengine kama saba. Mwaka huu waliamua kulima maembe ya kuuza, na shamba ni langu: ekari nne kule Mitunguu, Meru, alizoniachia marehemu mume wangu. Zina miembe sitini tuliyoipanda sisi wawili mwaka tuliooana.

Ni miembe ya kienyeji. Embe lake ni tamu, lakini lina nyuzi. Ukilila leo, kesho bado unachokonoa meno. Wanunuzi wa siku hizi wanataka aina za apple na kent, zisizo na nyuzi. Hilo sikubisha. Niliwapa shamba, nikawapa na neno langu kwamba sitaingilia.

"Wewe Mama tuombee tu," Kathure aliniambia.

Basi Jumapili moja baada ya ibada wakakutana sebuleni kwetu. Walimwalika mtaalamu, Bwana Elphas wa Irving. Anafanya kazi uwanja wa ndege, na nyumbani Kenya ana kitalu cha miche. Aliunganisha kompyuta yake na televisheni, akatuonyesha picha.

"Hii miti mizee inang'olewa yote, mpaka visiki," alisema. "Tunapanda miche mia tatu ya kisasa. Miaka minne, mnavuna."

Niligeuka kumtazama Kathure. Alikiri kwamba mwenye tingatinga alikuwa ameshaambiwa aanze kung'oa kesho yake, Jumatatu alfajiri. Kura ya siku ile ilikuwa ya kujaza daftari tu.

Niliinua mkono. Kathure akanitazama kwa jicho la kunikumbusha neno langu, nami nikaushusha. Nikaendelea kutazama picha. Mtu ambaye hasemi huona mengi, na nilichokiona kwenye ile miche nilikiweka moyoni.

Chakula kikaletwa: chapati, ndengu, kuku. Harufu ilijaa nyumba.

"Mama, tuombee," Kathure alisema. "Kifupi tu. Tule, tupige kura."

Kuingilia nilikatazwa. Kuomba niliombwa. Wote wakainamisha vichwa.

"Baba, tunakushukuru kwa chakula hiki na mikono iliyokipika. Umemtoa Lenny Pearland ukamfikisha salama, ingawa mwendo aliokuja nao unaujua wewe."

"Amina," Lenny alisema kwa sauti ndogo.

"Baba, unaijua ile miembe sitini. Mwaka ule mvua ilipokataa mara mbili, mahindi yakakauka, migomba ikalala chini, miembe ilizaa. Mizizi yake imeshuka kuliko kisima cha jirani. Na wewe, Baba, ndiwe uliyeuumba mwembe hivi, kwamba ukikatwa usawa wa kiuno haufi, unachipua. Machipukizi yakifika unene wa kalamu, mtu mwenye kisu kikali akiyapandikiza vijiti vya kent, mwaka wa tatu anavuna embe la sokoni juu ya mizizi ya zamani, bila kubeba ndoo hata moja ya maji."

Nikafungua jicho moja. Vichwa vyote viko chini. Immaculate ameinama, lakini kalamu yake inatembea.

"Mama, ndengu zinapoa," Kathure alinong'ona.

"Baba, ubariki na kitalu cha ndugu yetu Elphas. Ile miche umeiona kwenye picha. Shina limekuwa nene kama kidole gumba, mizizi imetoboa karatasi ilimopandwa ikaingia ardhini. Imemngoja mnunuzi siku nyingi, ikajikunja humo ndani kama mtoto aliyevalishwa viatu vya mwaka juzi. Umfariji, Baba. Umpe na miche mipya. Katika jina la Yesu."

"Amina!" Waliitikia kwa nguvu ya njaa, na Elphas sauti yake ilikuwa ya juu kuliko zote.

Kisha akashtuka. "Mama, na heshima zako, hayo ni maombi ama ni ripoti?"

"Boss, si hata wewe umesema amina?" Lenny alisema, akijipakulia kuku. "Nimekuskia vizuri."

"Nimesema amina ya chakula!"

"Amina haikatwi vipande. Mimi siwezi kuinua mkono kupinga amina yangu mwenyewe, nitakufa nikirudi Houston."

"Nimeshaandika," Immaculate alisema. "Imepitishwa na wote."

Walicheka, mimi nikiwamo. Kathure peke yake hakucheka. Alinitazama kama anavyomtazama mgonjwa anayedai amepona.

"Mama, hii ya kukata na kupandikiza, uliiona kwa macho yako ikifaulu?"

"Mwembe wa nyuma ya jikoni."

"Ule wa kent?"

"Ulikuwa wa nyuzi kama wenzake. Baba yako aliukata akaupandikiza, wewe ukiwa darasa la pili. Ulimshika mguu ukilia, ukisema ameua mti."

Kila Kathure akienda likizo hula maembe ya mti ule mpaka mikono inanata. Akamgeukia Elphas. "Hiyo miche ina umri gani? Ukweli."

Elphas aligeuza-geuza chapati kwenye sahani. "Inaingia mwaka wa tatu," alisema. "Lakini vijiti vya kent ninavyo vizuri, na fundi wa kupandikiza ninaye. Kama ni hivyo mnataka."

"Ndivyo tunataka, mwanangu," nilimwambia, nikamwongezea ndengu.

Kathure alitazama saa ya ukutani. "Huku ni saa kumi. Kwa hivyo nyumbani ni saa sita usiku." Akahesabu kwa vidole. "Tingatinga linaanza saa kumi na mbili."

Aliweka sahani chini, chapati imeumwa mara moja tu. Akachukua simu, akatafuta jina la mwenye tingatinga, akaiweka sikioni, akatoka nje.