Alama Nne za Chaki

Alipoinua ngozi ya zamani kutoka juu ya ngozi mpya, fundi aliona alama nne ambazo hazikuwa za mshono. Alama za mshono zilikuwa mahali pake, zimejipanga ukingoni nukta baada ya nukta. Hizi nne zilikuwa katikati, mahali ambapo sindano haina shughuli, tena zilipinda kama vipande vya kucha vilivyokatwa.

Wateja walimwita Mama Ngozi, jina alilolipata kwa jasho, maana katika karakana ile alikuwa mwanamke pekee na hakuna aliyemfikia kwa kuvisha ndani ya magari. Kanuni yake ilikuwa moja: usikisie. Ukitaka kuvisha upya dashibodi ya gari la zamani, fumua vazi lake la kwanza uzi kwa uzi, litandaze juu ya ngozi mpya, kisha pigapiga vumbi la chaki juu yake kwa kitambaa. Chaki hupenya kwenye matundu ya mshono wa kale na kukuachia ramani. Ila chaki haina akili. Hupenya kwenye kila tundu, lililotobolewa na fundi na lililotobolewa na mwingine, ndiyo maana fundi makini huziba kwanza kwa utepe matundu yasiyohusika. Yeye, aliyewafokea wenzake miaka ishirini kwa kosa hilo, safari hii alisahau, kwa sababu gari lilikuwa la baba yake na alikuwa akifanya kazi huku akiimba.

Alikuwa na sababu ya kuimba. Shule aliyoiongoza baba yake miaka ishirini na sita ilikuwa imeamua kuupa ukumbi wake mpya jina lake, na kaka yake akaona mzee afike kwenye sherehe ndani ya gari lile lile la enzi za ualimu mkuu. Injini ilishafufuliwa kwingine. Yeye aliachiwa ndani: viti, kitambaa cha dari, vibao vya milango, na ile dashibodi ya mbao iliyovikwa ngozi upande wa juu. Wiki tatu alikuwa akiipiga msasa mbao ile kwa mkono, akifuata mkondo wa nyuzi zake, akipaka vanishi nyembamba tabaka juu ya tabaka mpaka ikaanza kumwonyesha uso wake. Kila alipoingia garini alisikia utoto wake. Baba kwenye usukani, mama kando yake, barabara ya kutokea mjini imenyooka, mshale wa kasi unapanda, na yeye na kaka yake kiti cha nyuma wakipiga makofi: "Ongeza, Baba! Ongeza!" Katika maisha yake yote hakuwa na furaha aliyoiamini kuliko ile.

Sasa aliweka vidole vyake vinne juu ya zile alama nne. Vikaenea sawasawa. Kipande kile cha ngozi kilitoka upande wa abiria, juu ya kisanduku cha kuwekea karatasi. Kidole gumba kikajipeleka chenyewe chini ya ukingo, kikashika. Alikuwa na mikono ya mama yake; hata siku ya mazishi yake watu walimwambia hivyo huku wakiishika.

Akakalia ndoo tupu ya gundi, akampigia simu mdogo wa mama yake.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo huko?"

"Hatujambo. Nina swali la ajabu kidogo. Mama alikuwa anaogopa magari?"

"Nani kakwambia hivyo? Dada yangu akipanda gari la jirani, hajafika kona ya pili kasinzia, mdomo wazi. Hakuogopa magari."

"Aliogopa nini, basi?"

"Unaniuliza kitu unachokijua."

"Sikijui, mama mdogo. Ndiyo maana nauliza."

Mama mdogo akasema taratibu, kama mtu anayeshusha mzigo asitake kuuvunja, "Baba yako ni mtu wa heshima zake. Hakutukana, hakupiga. Wakikosana alikuwa anasema, haya, tutoke tukapunge upepo. Basi, mnatoka."

"Na sisi?"

"Na nyinyi mnatiwa nyuma. Nilimwambia dada, kataa kupanda. Akanijibu, watoto wanafurahi sana, niwaharibie?"

Mkono baba yake hakuuinua, kweli. Alilisema hilo mara nyingi mbele za watu, kama anayeonyesha cheti: mimi sijawahi kumwinulia mke wangu mkono. Mkono aliuacha kwenye usukani, akashusha mguu kwenye mafuta. Na kila alipoushusha, nyuma yake palikuwa na sauti mbili ndogo zikimwomba ashushe zaidi. Fundi aliona aibu, aibu ya kweli inayopasha masikio moto. Alikuwa na miaka saba, angejuaje? Lakini alikumbuka pia kwamba siku moja mama yake aligeuka nyuma, uso umemkauka, akawatazama, nao wakacheka zaidi wakidhani anawachekesha.

Kaka yake alipopita jioni kuangalia kazi ilipofikia, fundi hakumpa hata muda wa kukaa. Alimtandazia ngozi ya zamani juu ya meza.

"Kaka, unaona hizi?"

"Naona ngozi imechoka."

"Ni kucha za mama."

Kaka hakushtuka kama ambavyo angeshtuka mtu asiyejua. "Mdogo wangu," alisema, "yaliyopita si ndwele."

"Aliyeumwa ndiye wa kusema kama ni ndwele au si ndwele. Naye hayupo."

"Sasa unataka nini? Mzee afike ukumbini na dashibodi yenye matobo, watu waulize?"

"Nataka kujua kama alijua."

"Alikuwa anaangalia barabara. Dereva haangalii mikono ya abiria. Kama unanipenda, usimguse mzee wiki hii."

Mfa maji hukamata maji, naye akalikamata jibu hilo. Ni kweli, dereva hutazama mbele. Mtu anaweza kukanyaga mafuta kwa hasira asijue kinachotendeka ubavuni pake. Anaweza kuwa mjinga bila kuwa katili, na ujinga wa baba ni kitu ambacho mtoto anaweza kuzeeka nacho. Kwa siku nne alijiambia hivyo, kila sindano ilipoingia na kila ilipotoka. Zile alama nne alizifuta kwa kitambaa chenye unyevu, na ngozi ya zamani akaisukuma ndani ya gunia la mabaki, pamoja na sponji iliyooza. Mshono wake ulitoka mzuri kuliko wote aliowahi kushona, na hilo lilimuudhi. Hakuimba tena.

Ijumaa asubuhi, kesho yake ikiwa ndiyo sherehe, kaka alimleta mzee. Alikuja na fimbo yake na koti lake lililopigwa pasi, akawasalimia mafundi wote mmoja mmoja, akauliza habari za watoto wao. Kila mtu karakanani alimpenda kabla hajamaliza kuvuka mlango. Alikuwa hivyo siku zote, na binti yake alimtazama akitamani kumpenda kama wao.

Mzee aliingia upande wa dereva, akaegesha fimbo, akashika usukani. Alinusa ngozi. Akapitisha kiganja juu ya mbao iliyong'aa. "Mwanangu," alisema, "hii kazi haina mpinzani. Nimeketi kwenye ujana wangu."

"Asante, Baba."

Kisha, macho yakiwa mbele kwenye kioo, bila kugeuza uso, mzee alinyoosha mkono wa pili mpaka upande wa abiria. Haukupapasa. Ulitua moja kwa moja pale, juu ya kisanduku cha karatasi, na vidole vikasugua ngozi laini.

"Umeyamaliza yale matobo," alisema kwa kuridhika. "Nilimwambia mama yenu mara ngapi, kata kucha, unaniharibia gari."

Kaka alikohoa. Fundi alisikia sauti yake mwenyewe ikitoka tulivu kabisa, sauti ya kumuuliza mteja anataka uzi wa rangi gani. "Alizikata?"

"Alizikata. Lakini mkono hakuutoa. Mama yenu alikuwa mbishi kimyakimya, Mungu amrehemu." Mzee akatabasamu kidogo, tabasamu la mjane anayekumbuka kasoro ndogo ya marehemu. Hakukuwa na uovu usoni pake. Fundi aliutafuta, maana angeupata angejua la kufanya nao, lakini alichokiona ni mwalimu mkuu aliyewahi kukataza jambo na asitiiwe.

"Haya, twende tukalijaribu barabarani," mzee alisema. Alishuka, akamkabidhi kaka funguo, akazunguka pua ya gari kwa hatua zake fupi, kuelekea mlango wa mbele wa abiria.

Fundi alikuwa ameshasimama pale. Hakujua amefikaje. Mgongo wake uligusa mlango.

"Kaa nyuma, Baba."

"Nyuma?" Mzee alimtazama kwa upole, kama mwanafunzi aliyekosea hesabu rahisi. "Ndani ya gari langu?"

"Nyuma."

"Mdogo wangu," kaka alianza, lakini sentensi haikupata mwisho. Alikuwa akizitazama funguo kana kwamba ameziokota njiani. Mafundi waliokuwa karibu wakainamia kazi zao.

Mzee alingoja. Alikuwa amezoea kungoja mbele ya watoto mpaka wakajirudi wenyewe. Safari hii hakuna aliyejirudi, wala aliyejongea kumfungulia. Mwishowe alipiga hatua moja kando, akashika kitasa cha mlango wa nyuma, ambacho hakuwahi kukishika tangu alinunue gari lile, akawa hajui kama kinavutwa au kinabonyezwa.