Agizo la Kuegesha Kinyumenyume

Josepha alimleta baba mkwe wake, mzee Zablon, kutoka Urambo hadi Tabora mjini kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Waliambiwa wawahi asubuhi. Pikapu ya mumewe ilikuwa bado inanuka tumbaku, na mzee alikaa njia nzima mikono mapajani, kama mtu anayepelekwa mahakamani.

Getini pa kliniki mlinzi akawasimamisha. Kitambulisho chake kilisema Raymundi.

"Mama, hapa tunaegesha kinyumenyume. Agizo la meneja."

"Kwa nini?"

"Moto ukitokea, magari yatoke haraka."

Nafasi ilibaki moja tu, katikati ya magari mawili, na nyuma yake ukutani kulikuwa na benchi la wagonjwa wanaosubiri.

"Kaka yangu, nikirudi nyuma, moshi wote wa dizeli si utawaingia hawa puani? Niache niingize kichwa mbele, nina mgonjwa."

"Agizo ni agizo, mama."

Josepha akajaribu. Gari likaenda mshazari. Akatoka, akajaribu tena, likazidi kupinda. Bajaji zilizokwama nyuma zikaanza kupiga honi, na mtu mmoja benchini akajifunika pua kwa kanga. Jasho lilimtoka Josepha mpaka usukani ukateleza mikononi.

Akiwa anarudi mara ya tatu, alisikia sauti anayoijua.

"Njoo, mwanangu! Njoo tu, peupe!"

Alikanyaga breki kwa nguvu. Kwenye kioo alimwona mzee Zablon. Alikuwa ameshuka wakati wa mabishano, na sasa alisimama nyuma kabisa ya pikapu, akipunga mkono kuelekea upande ambao gari halikuwepo.

Josepha akaruka chini. "Baba! Wewe huoni! Unaongoza nini?"

Honi zilinyamaza. Benchi zima lilimtazama mzee. Akashusha mkono polepole.

"Nilitaka kukusaidia tu," alisema.

Josepha alimgeukia mlinzi, akamsukumia ufunguo kiganjani. "Haya, liegeshe wewe hivyo mnavyotaka!"

Raymundi aliutazama ule ufunguo, kisha akasogea karibu. "Mama," alinong'ona, "mimi sijui kuendesha."

Josepha akamwachia ufunguo. Alimshika mzee mkono wakaingia ndani. Huko nesi akawaambia jina la mzee limeshaitwa na limepita, wasubiri mchana.

Walitoka alasiri, jicho moja la mzee limefungwa bandeji. Pikapu ilikuwa imesukumwa na vijana wa bodaboda hadi kwenye ile nafasi. Iliingizwa kichwa mbele. Raymundi alirudisha ufunguo huku akiangalia kwingine.

"Kusukuma hivyo ndivyo ilivyokuwa rahisi," alisema.

Josepha aliunyakua ufunguo. Alimpandisha mzee, akamfunga mkanda, akakaa kwenye usukani bila kuwasha gari.

"Baba, nisamehe. Nilikufokea mbele za watu."

"Uliogopa kunigonga, najua." Mzee aligusa bandeji kwa ncha ya kidole. "Na kweli sioni. Ila nyumbani mlikuwa mnajifanya kama naona, na mimi nilikuwa nimezoea."

Josepha aliukaza mkanda wa mzee. Aliwasha gari, akaweka gia ya nyuma, na kabla hajasogea hata kidogo, bajaji moja ikapiga honi.